Chumba Kinachoitazama Kaaba



Je, kuwa karibu na Nyumba ya Mwenyezi Mungu ni bidhaa ya kununuliwa? Swali hili linaweza kuonekana la watu wenye pesa za kuchezea, si la wanafunzi wa Arua tunaohesabu nauli ya boda kabla ya kutoka hosteli. Lakini limetufikia nyumbani, na naona litawafikia wengi wenu, kwa sababu siku hizi mzee anapokwenda Hija au Umra, anayeshika simu na kupekua picha za hoteli ni mjukuu. Wazee wanatoa pesa, wajomba wanatoa rai, mjukuu ndiye anayebonyeza.

Haboba wangu, ndivyo Wanubi tunavyomwita bibi, anakaa Koboko. Amevuka miaka sabini na magoti yake hayana raha. Wanawe wamechanga muda mrefu mpaka Hija yake ikatimia kwa hesabu, na wakala wa safari akaleta karatasi ya machaguo. La kwanza ni jengo la Aziziyya, mtaa ulio upande wa Mina, ambako mahujaji wengi wa kipato chetu hupangiwa. Kutoka huko mtu huenda Haram kwa basi. La pili ni hoteli ya kawaida, umbali wa kutembea, lakini kutembea kwenyewe ni kwa kijana. La tatu ni hoteli ya kifahari inayopakana na uwanja wa Msikiti Mtukufu. Ndani ya hii ya tatu mna ngazi nyingine za bei, na hapo ndipo nilipoanza kujiuliza. Vyumba vya jengo lile lile, vitanda vile vile, sabuni ile ile, bei zinatofautiana kwa dirisha. Kuna dirisha linalotazama mji. Kuna dirisha linalotazama Haram kwa pembeni, ukiinama kidogo. Na kuna dirisha linaloitazama Kaaba yenyewe, unaiona ukiwa umelala.

Mjomba wangu aliye Juba alitaka hilo la mwisho bila mjadala. Kwa maneno yake, mama amelea watoto tisa kwa jembe na kwa mandazi, amekimbia vita mara mbili, sasa mara moja tu katika maisha yake alale kama malkia. Nani atampinga mtoto anayesema hivyo kuhusu mama yake? Mjomba wa Koboko, ambaye ana vyumba vya kupangisha karibu na barabara ya Oraba, alikubali kwa sababu nyingine: kila mlango una bei yake, na mwenye mlango ndiye anayeijua. Tofauti ya bei baina ya chaguo la pili na lile dirisha ingetosha karo ya binamu zangu wawili kwa mwaka mzima. Hilo nililisema. Nikaambiwa karo ni jambo jingine.

Huenda ni jambo jingine kweli. Tuliweke pembeni kwanza, tutazame asili ya mambo.

Katika Sura ya 22, Al-Hajj, aya ya 25, Mwenyezi Mungu anautaja Msikiti Mtukufu kuwa ameufanya kwa ajili ya watu wote, sawasawa kwa anayekaa pale na anayetoka mbali. Wanachuoni walijiuliza: usawa huu ni wa msikiti peke yake, au unaingia mpaka kwenye nyumba za Makka? Kama unaingia kwenye nyumba, basi mtu wa Makka hana haki ya kumtoza hujaji pango. Si mjadala mdogo. Imepokewa kwamba zama za Mtume (s.a.w.), na za Abubakar na Umar (r.a.), nyumba za Makka zilihesabiwa kuwa huria: mwenye haja alikaa, asiye na haja alimkaribisha mwingine. Imepokewa pia kwamba Umar aliwakataza watu wa Makka kuzitia nyumba zao milango, ili hujaji ashukie anapotaka. Wa kwanza kuweka mlango alikuwa Suhayl bin Amr. Umar alipomwita, akajitetea kwamba yeye ni mfanyabiashara na mlango ni wa kuwazuia wanyama wake wasipotee. Akaruhusiwa. Napenda sana kisa hiki. Mlango wa kwanza uliingia kwa udhuru wa kweli, na milango iliyoufuata sijui kama ilikuwa na udhuru.

Abu Hanifa amepokewa akichukia kodi ya nyumba za Makka, hasa msimu wa Hija. Imam Shafi'i aliona kinyume chake, kwamba nyumba za Makka zina wenyewe, zinauzwa na kurithiwa kama nyumba nyingine. Alijadiliana hayo na Is-haq bin Rahwayh palepale Makka, na Ahmad bin Hanbal akiwapo. Miongoni mwa hoja za Shafi'i ni kwamba Qur'ani inawataja Muhajirina kuwa walitolewa katika nyumba zao. Ikiwa zimeitwa zao, basi walizimiliki. Tena Umar mwenyewe alinunua nyumba ya Safwan bin Umayya kwa dirhamu 4,000 aifanye gereza, na hakuna anayenunua kisicho na mwenyewe. Wengi wetu Afrika Mashariki tumelelewa katika madhehebu ya Shafi'i, kwa hiyo mjomba wa Koboko ana imam wake, ingawa sidhani alilijua hilo alipokuwa akizungumza.

Mimi simpingi Imam Shafi'i, nitampingaje? Nyumba ni mali, aliyeijenga ametumia jasho na chokaa, na mgeni akila hapo bure miaka yote hatapatikana wa kujenga nyingine. Ila tazameni alichokihalalisha: alihalalisha bei ya nyumba. Paa, ukuta, kitanda, maji ya kuogea, vyote vina mtu aliyevigharimia. Je, dirisha linapouzwa kwa sababu ya kinachoonekana nje yake, kinachouzwa ni mali ya nani? Kaaba haikujengwa na mwenye hoteli. Wala hakuisogeza karibu na dirisha lake. Bei ya kitanda ninaielewa. Ile nyongeza inayopanda kwa kiasi Kaaba inavyoonekana ndiyo iliyonikaa kooni.

Kuna hoja nyingine inayotokana na Mtume (s.a.w.) mwenyewe, na ninashangaa kwamba katika semina za mahujaji tunafundishwa dua za kila mzunguko lakini hii haitajwi. Usama bin Zayd alimuuliza Mtume atashukia wapi Makka, kama atashukia katika nyumba yake. Naye akauliza kwani Aqil amewaachia nyumba yoyote. Aqil na Talib ndio waliomrithi Abu Talib, kwa kuwa Ali na Ja'far walikuwa wamekwisha kusilimu, na nyumba zikawa zimekwenda. Basi mtu ambaye mji ule ni wake kwa kuzaliwa, na Kaaba ile ni ya babu yake Ibrahim, alifika akiwa hana chumba. Katika Hija yake ya pekee, mwaka wa 10 wa Hijra, alipiga kambi Abtah, nje kidogo ya nyumba za Makka, upande wa kuelekea Mina. Abu Juhayfa alimkuta hapo katika hema jekundu la ngozi. Na Ibn Abbas amesimulia kwamba baada ya kutufu alipowasili, hakuikaribia tena Kaaba mpaka aliporudi kutoka Arafa.

Simu yangu ikiniuliza leo mita ngapi kutoka Haram, jibu la Sunna ni kwamba ziliwahi kuwa nyingi, na Hija ilikuwa timilifu.

Kisha kuna Bani Salima wa Madina. Nyumba zao zilikuwa mbali na Msikiti wa Mtume, wakataka kuhamia karibu. Akawaambia wabaki majumbani mwao, kwani nyayo zao zinaandikwa. Ukiisoma habari hii peke yake unaweza kumpeleka haboba Aziziyya na kumwambia nyayo zako zinaandikwa. Huo utakuwa ukatili uliovaa kanzu. Bani Salima walikuwa watu wenye miguu.

Jambo la miguu si dogo, na atakayetaka ushahidi autafute mwaka 2024. Hija ya mwaka ule walihudhuria mahujaji 1,833,164 waliosajiliwa. Joto Makka lilifikia nyuzi 51.8. Serikali ya Saudia ilitangaza vifo 1,301, na kwamba asilimia 83 ya waliokufa hawakuwa na kibali cha Hija. Walitembea masafa marefu juani bila kivuli wala mahali pa kupumzika. Watu wakabishana kuhusu vibali, na ubishi huo una nafasi yake. Mimi nilichokiona ni kwamba wengi wao hawakuwa na chumba. Hujaji asiye na chumba kwenye joto lile, iwe ni kwa kosa lake au la wakala aliyemdanganya, anakufa kwa kukosa kitu ambacho mwenziwe analalamika kuwa hakina dirisha zuri.

Kwa hiyo siwezi kusema hoteli ni anasa na tuachane nayo. Kwa mama wa miaka sabini na zaidi, mita mia tano zinaweza kuwa ndizo tofauti kati ya kuswali Haram mara tano kwa siku na kuswali kitandani. Ninatenganisha mambo mawili yanayouzwa kwa jina moja: masafa na mandhari. Masafa yanagusa mwili. Kuyapunguza kwa ajili ya mnyonge ni katika wema kwa wazazi, na pesa inayokwenda huko naiona imekwenda mahali pake. Mandhari yanagusa nini? Mjomba wa Juba ananijibu kwamba kuitazama Kaaba ni ibada. Watu hutaja hadithi ya rehema zinazoshuka kila siku juu ya Nyumba ile, baadhi yake zikiwa za wenye kutazama. Wataalamu wa hadithi wameidhoofisha isnadi yake, lakini tuseme maana yake inapendeza nafsi. Bado yule anayetazama amesimama ndani ya msikiti, kati ya Wajava na Wahausa na Wapakistani, anasukumwa, anakanyagwa kidole, na hana habari. Anayetazama kutoka juu nyuma ya kioo, kiyoyozi kikivuma, anaona duara la watu likizunguka kama mchanga. Haboba mwenyewe alipoonyeshwa picha ile kwenye simu aliitazama kwa muda, kisha akauliza kwa nini Kaaba imekuwa ndogo hivyo.

Ni kweli, imekuwa ndogo. Kaaba ina kimo cha kama mita 13. Mnara wa saa ulio mbele yake, katika majengo ya Abraj al-Bayt, una mita 601. Mahali yanaposimama majengo hayo palikuwa na ngome ya Ajyad, iliyojengwa na Waothmaniya katika karne ya 18 juu ya kilima kuulinda mji. Mwaka 2002 ngome ilibomolewa na kilima chake kikasawazishwa, na Uturuki ikapiga kelele kwa uchungu. Nisiwe dhalimu katika kusimulia: majengo yale yenyewe yanaitwa Waqfu wa Mfalme Abdulaziz, na mapato yake yamekusudiwa kuhudumia Misikiti Miwili Mitukufu. Tena mwaka 2019, kabla ya korona, mahujaji walikuwa 2,489,406. Hata ukirudisha ngome na kilima na milango yote ya Suhayl, watu hao hawatoshi katika vyumba vya udongo vya zamani. Zamani familia za mutawwifu za Makka ziliwapokea mahujaji katika nyumba zao wenyewe, wenye nyumba wakijibana ili wageni wapate vyumba, na pango walitoza pia. Anayedhani mji ule uliwahi kuwa bila biashara anaota. Hija na biashara vimeruhusiwa pamoja na Qur'ani yenyewe.

Ila katika nyumba ya mutawwifu, tajiri na fukara walipishana kwenye ngazi moja. Sasa lifti zao si moja.

Na kwa kuwa nimetaja lifti, niseme jambo la kidunia ambalo mawakala hawalisemi. Mita zinazoandikwa kwenye matangazo hupimwa mpaka ukingo wa uwanja wa Haram, si mpaka Kaaba. Hazihesabu wima. Mahujaji waliorudi Arua wanasimulia hoteli za ghorofa nyingi ambamo adhana ikiadhiniwa kila mtu anataka lifti, na ukiwa juu sana unaweza kusimama ukingoja mpaka imam anatoa salamu. Mwenzako aliye mtaa wa nyuma, ghorofa ya pili, amekwisha kutembea na kuswali. Kwa hiyo hata kwa hesabu ya mjomba wa Koboko, chumba kilichotajwa kuwa karibu zaidi huenda kiko mbali zaidi kwa magoti ya haboba.

Jambo ninalolifikiria zaidi ya lifti, hata hivyo, liko hapa kwetu. Mwaka 1980, baada ya utawala wa Amin kuanguka na jeshi kuingia West Nile, watu wa Koboko na Arua walikimbilia Sudan na Zaire kwa maelfu. Haboba alivuka kwa miguu akiwa na mtoto mgongoni, ndiye huyu mjomba wa Juba. Waliowapokea upande wa pili walikuwa Wakakwa kama majirani zao wa Koboko, na wengine hawakuwa Wakakwa wala Waislamu. Walipewa mahali pa kulima na pa kujenga. Hakuna aliyewauliza wanataka upande unaotazama nini. Kisha zamu ikageuka. Mwaka 2016 watu wa Sudan Kusini walimiminika kupitia mipaka yetu, na wenye ardhi wa Yumbe wakatoa ardhi ya ukoo ikawa Bidibidi, moja ya makazi makubwa ya wakimbizi duniani. Koboko ina Lobule, walikopokewa Wakongo. Ukiitafuta aya ile ya anayekaa na anayetoka mbali katika nchi ya watu wasioisoma kila siku, utaikuta ikitembea huku.

Lakini msinielewe kwamba sisi ni malaika. Mkimbizi asiyetaka kukaa kambini huja mjini kupanga chumba, na hapo anakutana na mjomba wangu na milango yake. Chumba kilicho karibu na shule au zahanati kina bei, na kile cha bondeni maji yanakotuama kina bei nyingine. Nilimuuliza kama aliwahi kumpunguzia pango mama mgonjwa ili awe karibu na zahanati. Alinitazama, akasema amewahi, mara mbili, na akataka kujua nimeambiwa na nani. Sikuwa nimeambiwa na mtu. Nikaona kwamba anaijua kabisa tofauti ninayojaribu kuieleza, isipokuwa hakutarajia kukutana nayo Makka.

Hukumu yangu basi, na wenye elimu wanisahihishe: ukaribu na Kaaba ugawiwe kwa haja kabla ya mfuko. Kama dunia haiugawi hivyo, sisi tunaochagua kwa niaba ya wazee wetu tunaweza angalau kuchagua hivyo. Kijana mwenye nguvu aliyekata tiketi yake mwenyewe aende Aziziyya apande basi, na kama ana ziada amlipie mzee wa msafara wake asogee. Viongozi wa misafara wana uwezo wa kupanga vyumba vya ghorofa za chini kwa magoti na si kwa risiti. Mwenye pesa anayelitaka dirisha lile simwiti fasiki. Ni mali yake, na Mola wake ndiye atakayemuuliza. Mimi silinunui kwa pesa ambayo haboba ameichumia kwa mandazi, wala kwa karo ya binamu zangu, na nimekwisha kusema kwamba kwangu karo si jambo jingine.

Mwenyewe haboba, baada ya wanawe kubishana majuma mawili, alisema ataitazama Kaaba akiwa chini na watu, maana hakwenda huko kukaa peke yake. Tumechukua chaguo la pili, pamoja na kiti cha magurudumu cha kukodi. Mjomba wa Juba bado ananuna na amesema atalipia dirisha kwa pesa yake, hata kwa usiku mmoja. Kwa wakala tulituma maswali matatu: hoteli ina lifti ngapi, chumba kiko ghorofa ya ngapi, na siku za kilele, njia zinapofungwa, kiti cha magurudumu kinapita wapi. Amejibu la kwanza na la pili.